Mtamba wa Mahari na Kamba ya Kuni

Kabuti langu la polisi wa akiba bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Mke wangu amelitaka mara nyingi alikate, awatandikie kuku wanaotamia, na mimi nimekataa. Bunduki ilirudi stesheni zamani, siku tulipoambiwa tuzirudishe zote. Nilitia kidole gumba kwenye karatasi ingawa jina langu najua kuliandika, maana karani alishanisogezea wino kabla ya kuniuliza. Nikamwacha na wino wake. Kabuti hakuna aliyeliulizia. Likabaki kwangu.

Vijana wa siku hizi wakisikia nilikuwa polisi wa akiba wananiuliza kitu kimoja tu. "Mzee, ulikuwa unalipwa ngapi?" Nikiwaambia hakuna, wanatazamana. "Sasa ulikuwa unapata nini?" Nawaambia nilipata kabuti na gambuti, na gambuti zilikuwa kubwa. Wanacheka. Wacha wacheke. Hawajui asubuhi ya soko ilivyokuwa ukipita na lile kabuti, mama wa mboga anakusalimia kwanza na mlevi wa jana anageuza njia.

Mimi shule niliionea mlangoni. Darasa la tatu nilitolewa nikachunge ng'ombe, na kutoka kuchunga nikaingia kwenye majani chai ya kampuni, nikabeba kikapu mgongoni kwa umri ambao watoto wa leo bado wanavalishwa viatu na mama zao. Kutoka kikapuni nikapanda trela, kupakia magunia. Kutoka kwenye trela nikakaa kwenye usukani. Mwishowe nikanunua trekta yangu mwenyewe, kuukuu, ya rangi iliyokuwa nyekundu wakati fulani, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kusema alinisukuma hata hatua moja. Sisemi hivi kwa majivuno. Au basi, ni kwa majivuno. Nimeyatolea jasho.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kuzunguka vituo vya kupimia majani, kutoka soko letu mpaka karibu na Roret, nikiyachukua majani mabichi ya wakulima wadogo na kuyapeleka kiwandani. Majani chai si mahindi. Hayangoji mtu. Ukiyaacha kwenye gunia yanapata joto kama mgonjwa wa homa, yanageuka mekundu, na kiwandani wanayamwaga. Kwa hivyo mwenye trekta ni mtu wa kuheshimiwa na kutukanwa, yote kwa siku moja.

Kazi ya pili ilianzia barazani. Polisi walikuwa wachache na stesheni ilikuwa mbali, ikatakiwa watu wenye kazi zao na miji yao wajitolee kusaidia. Chifu akasimama akauliza, "Nani hapa anaogopwa na wezi?" Watu wote wakanigeukia. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, lakini nikasimama. Tukafundishwa kwenye uwanja wa shule, kila Ijumaa, na sajini mwenye sauti ya kupasua kibuyu. Kushoto geuka. Kulia geuka. Watu wazima wenye wajukuu, tukigongana matumbo kwenye umande. Ukiniuliza leo ni kitu gani nakikumbuka zaidi katika maisha yangu ya utu uzima, nitakwambia ni zile Ijumaa, na harufu ya mafuta ya bunduki ikichanganyika na moshi wa kuni za blugamu.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mwenye hoteli pale sokoni, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, ambaye baba yake alikuja huku kuuza vitunguu akakaa. Alikuwa mnene na alipenda utani. "Wewe linda ng'ombe," alikuwa akiniambia, "mimi nitalinda sukari." Lakini tukiitwa, alikuja. Hakuna siku aliniacha peke yangu barabarani.

Sasa nieleze ile siku.

Ilikuwa imenyesha usiku na asubuhi ilikuwa safi, ile asubuhi ya kwetu ambayo chai inang'aa mpaka macho yanauma. Nilikuwa nimejaza nusu ya trela niliposikia nduru. Nduru ya kwetu haisemi mengi. Inatoka mlima huu, inadakwa na mlima ule, na kila anayeisikia anaacha jembe anakimbia. Hii ilitoka upande wa jirani yangu. Huyu jirani tulitahiriwa naye pamoja, kwa hivyo hatuitani majina, tunaitana *bakule* mpaka tufe.

Bakule alikuwa kwenye furaha wiki hiyo. Binti yake alikuwa ameposwa na watu wa upande wa Kiptere, kule chini kwenye joto, koito, kile kikao cha kupatana mahari, ilikuwa imekaliwa vizuri, na ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika siku mbili tu zilizopita. Kati yao kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu mwenye tumbo jeupe, ambaye wazee wote walikubali kwamba hajaonekana kama huyo kwa miaka mingi. Mke wa bakule alimpaka siagi kwenye paji la uso. Asubuhi hiyo miti ya lango ilikutwa imeanguka na mtamba hayupo. Wale wengine wote walikuwa wamelala wakitafuna.

"Mwizi amechagua!" watu wakasema. "Amejua anachotaka!"

Nilipofika na trekta, mwizi alikuwa tayari amepatikana. Alikuwa ameketi kwenye matope kando ya lango, amefungwa mikono kwa kamba, mdomo umepasuka. Nilimjua. Alikuwa mchumaji wa chai kwenye kampuni, mtu wa kutoka Kisii, amepanga chumba nyuma ya soko yeye na mke na watoto, mtu wa kazi asiye na maneno. Walikuwa wamemkuta kwenye njia ya blugamu asubuhi mapema, gambuti zimejaa tope, kamba begani. Wakamfunga kwa kamba hiyo hiyo, wakampitisha sokoni wakimwita mwizi, na kumleta hapo kwenye lango la bakule.

Kamba ilikuwa ya kuni. Kila Jumapili na kila siku ya mapumziko alikwenda nayo msituni. Mimi nilikuwa nimemwona nayo mara nyingi. Lakini watu waliopandwa na hasira hawakumbuki Jumapili.

Kabla sijashuka vizuri, mtu mmoja akagonga tangi la trekta yangu kwa rungu. "Afande, toa diseli kidogo hapa."

Nitasema wazi, maana nimeona watu wakizunguka jambo hili kwa maneno mazuri. Diseli ilitakiwa ili mtu achomwe. Na aliyeitaka alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, alinikopesha jembe mara mbili.

"Diseli yangu inabeba majani," nikamwambia. "Toa mkono."

Bunduki nilikuwa nayo nyuma ya kiti, imefungwa ndani ya gunia, kwa sababu bunduki ya serikali haiachwi nyumbani na watoto. Sikuigusa. Bunduki mbele ya kijiji kizima ni fimbo tu, na kila mtu alijua risasi zangu zinahesabiwa stesheni kama mayai. Nikachukua kabuti. Nikalivaa juu ya nguo zangu za kazi, nikafunga vifungo vyote polepole, mpaka cha shingoni. Kelele zikapungua. Watu walikuwa wanasubiri nimalize vifungo.

"Nani amemwona huyu mtu akiwa na ng'ombe?" nikauliza.

"Ameonekana na kamba!"

"Na wewe uko na panga. Umekata nani?"

Mmoja akacheka, halafu wawili. Nikaona bado kuna watu mle ndani ya lile kundi.

"Sheria ya nyayo mnaijua," nikasema. "Mlikuwa nayo kabla serikali haijafika. Nyayo zikiingia shambani kwa mtu, mtu huyo anaonyesha zilipotokea. Akishindwa kuonyesha, yeye ndiye anajibu. Hatuanzi na mdomo wa mtu. Tunaanza na kwato. Nyayo ziko wapi?"

Bakule akasogea. Alikuwa mrefu, na watu wakampisha. "Unauliza nyayo? Angalia nyuma yako."

Nikaangalia. Kutoka langoni kwake mpaka barabarani hakukuwa na kitu ila alama za magurudumu ya trekta yangu. Nilikuwa nimekuja mbio kuokoa, nikazikanyaga zote.

"Wewe ndiye umekula nyayo, bakule," akasema. "Sasa utatuambia nini?"

Watu wakaanza kunguruma tena. Yule wa diseli akarudi kwenye tangi. Na hapo mdomo wangu ukafanya kitu kabla ya kichwa.

"Ng'ombe wangu mweusi wa maziwa anasimama badala ya mtamba," nikasema, "mpaka jua lizame leo. Tusipomwona mtamba, mweusi ni wako. Na huyu nitampeleka stesheni mwenyewe. Lakini mpaka hapo asiguswe. Yuko mkononi kwangu."

Kwetu mtu akitaja ng'ombe mbele ya watu, ametaja. Hakuna kurudi. Halafu nikasikia sauti ambayo niliijua kuliko zote. Mke wangu alikuwa amekuja na nduru kama wengine.

"Huyo mweusi," akasema, "anakamuliwa na nani?"

"Mama, si wakati wa..."

"Nauliza anakamuliwa na nani."

"Na wewe."

"Basi ng'ombe ni wako, umtaje ukitaka. Maziwa ni yangu. Usirudi kwangu bila huyo mtamba."

Watu wakacheka kweli kweli sasa, na nikapumua. Ningeweza kumbusu pale pale mbele ya kijiji, kama sisi tungekuwa watu wa hayo mambo.

Kulikuwa na shida ya majani. Trela ilikuwa na chai ya watu, na jua linapanda. Nikamwona mwenye hoteli amekuja na aproni yake, unga mikononi.

"Unajua kuendesha trekta?"

"Niliendesha lori la viazi miaka mingi."

"Peleka majani kiwandani."

"Haiya! Na chapati zangu ziko motoni!"

"Ziache ziungue. Zako tunazijua, hakuna atakayeona tofauti."

Akapanda akinitukana kwa lugha ya kwao, akaondoka na aproni ikipepea.

Nikamfungua yule Mkisii mikono. Akasimama akiichua. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Omogaka, mzee wangu, nikitembea mbele watanipiga mgongo. Nikitembea nyuma watasema natoroka."

"Tembea kando yangu. Na ushike kamba yako."

Tuliziona nyayo ng'ambo ya barabara, ndani ya chai ya mama mmoja mjane. Mama akatuongoza mwenyewe mpaka mpakani kwake akatuonyesha zilipotoka, akanawa mikono hewani kuonyesha yamemtoka. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani. Ndivyo tulivyokwenda, shamba kwa shamba, tukikabidhiwa kama kijiti, mpaka tukaingia kwenye chai ya kampuni ambayo haina mwenye kuonyesha, na walinzi wakaona kabuti wakatupisha. Wengi walichoka wakarudi kwenye majembe yao. Tulibaki wanaume wachache, bakule mbele na fimbo yake.

Mimi nimechunga ng'ombe kabla sijajua kufunga kifungo. Nikamwita bakule nikamwonyesha. "Ng'ombe anayeswagwa anaruka, anakata kona, mavi yake yanatawanyika. Huyu amesimama hapa akala majani. Hapa akanywa maji. Na hakuna mguu wa mtu juu ya kwato hata moja."

Akatazama kwa muda. "Labda ni mwizi mpole," akasema.

Mvua ya kwetu inajua saa. Saa nane ilikuja, na siku hiyo ilikuja na mawe. Tukakimbilia kwenye kibanda cha kupimia majani, tukasimama tumebanana chini ya mabati, hatusikii hata mawazo yetu. Nilimwangalia yule Mkisii. Kama angetaka kukimbia, ile ndiyo ilikuwa saa yake. Hakuna aliyeona zaidi ya hatua chache. Alikuwa ameshika pindo la kabuti langu, kwa vidole viwili, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Nikajifanya sijaona.

Mvua ilipopungua nyayo zilikuwa zimekwisha. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa mawe na mitaro ilikuwa inakimbia maji mekundu. Nikafikiria ng'ombe wangu mweusi. Nikafikiria pia mwendo wa kwenda stesheni na mtu ambaye najua hakuiba, na kurudi kuishi na hilo.

"Mimi pia niko na binti," yule Mkisii akasema ghafla. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya wote. Alikuwa anamwambia bakule. "Siku yake nikiletewa ng'ombe, lango nitafunga na kamba. Si kuegemeza miti."

Nilidhani bakule atampiga. Bakule akatazama pembeni, na nikaona shavu lake limetikisika.

"Hii njia," nikamuuliza bakule, "imenyooka tangu asubuhi. Haikupinda hata kwa majani matamu. Inaenda wapi?"

Akachokoa mawe ya mvua kwa fimbo yake. Nikarudia.

"Huku chini," akasema mwishowe, "ni kwa wakwe."

Kila mtu pale alielewa mara moja, na naona haya kwamba hatukuelewa mapema, sisi tuliozaliwa kwenye samadi. Ng'ombe akihamishwa halafu asizoee, anarudi kwao. Mtamba alikuwa amelia siku mbili. Aliangusha miti ya lango akaenda nyumbani.

"Twende," nikasema.

"Siendi," akasema bakule.

"Unasema nini?"

"Siendi kwa wakwe. Nimejaa tope mpaka kiunoni, sijaitwa, niko na polisi na kundi la watu, na mate ya mahari bado hayajakauka. Nifike pale niseme nini? 'Nimekuja kutafuta ng'ombe'? Watasema baba wa binti ni mchoyo, anafuata mahari kwa miguu. Afadhali huyo mtamba apotee."

Na alikuwa na haki, kwa mila. Baba wa binti haendi kwa wakwe hivyo. Ni jambo ambalo lingesemwa mpaka wajukuu. Wazee wawili tuliokuwa nao wakatikisa vichwa kukubali, wakaanza hata kugeuza miguu kurudi.

Yule Mkisii alitazama tu kamba yake.

"Bakule," nikasema, "tulilala kwenye majani mamoja tukiwa na vidonda. Kwa hivyo nitakuambia. Mtamba akipotea, huyu mtu atakuwa mwizi mpaka kufa. Mtoto wake ataitwa mtoto wa mwizi kwenye kisima. Kwa sababu wewe unaona haya kuonekana na tope?"

"Usinitukane mbele ya watu."

"Nitakutukana mpaka Kiptere. Tembea."

Alitembea. Lakini karibu na boma la wakwe akabaki nyuma ya ua wa miti, amejikunja nusu, mtu mrefu vile, akaniacha niingie mbele.

Wallahi sijawahi kuona boma lenye huzuni vile bila maiti. Wazee wa upande wa bwana arusi walikuwa wameketi kwenye viti nje, mstari mmoja, hakuna anayeongea. Mtamba alikuwa pale, mwekundu na tumbo lake jeupe, amefungwa nje ya lango. Hawakumtia zizini, maana si wao tena. Baba wa kijana akainuka. Akaona kabuti, akaona waliokuja nyuma yangu.

"Kumbe mmeleta na polisi," akasema. "Haikuwa lazima. Mlipomrudisha ng'ombe asubuhi tulielewa."

"Mlielewa nini?"

"Kwamba mmetukataa. Ng'ombe wa mahari akirudi, binti amerudi. Lakini mngetuma mtu, mzee. Mtu mwenye mdomo. Si kutuachia ng'ombe mlangoni kama takataka. Kijana wangu hajala tangu asubuhi. Mama yake amelia mpaka amelala. Sisi tumekosa nini?"

Kicheko kilinishika tumboni chini ya vile vifungo vyote. Nikaonyesha ua wa miti kwa kidole, na bakule, aliposikia binti yake amerudishwa bila yeye kujua, akatoka mle mbio na tope lake lote akipiga kelele, "Nani amekataa? Nani amekataa? Huyo mnyama ametoroka!"

Ilichukua muda. Mambo yakaelezwa, yakarudiwa, yakaelezwa kwa mama wa kijana aliyeamshwa. Kijana akatolewa chumbani, akasimama akitazama gambuti za baba mkwe. Kisha boma zima likacheka, wazee wakishikana mabega, na vibuyu vya maziwa ya mursik vikatolewa. Kulikuwa na simu moja ya mkononi kwenye boma lile. Nikampigia mwenye hoteli amwambie mke wangu kwamba mtamba ameonekana na jua bado liko juu. Jibu likarudi kupitia kwake: "Anasema mweusi amekamuliwa vizuri leo. Na majani yalifika mazima. Ya trekta tutaongea ukija."

Mtu mmoja hakucheka. Yule Mkisii alikuwa ameketi kwenye gogo, kibuyu mkononi, hajanywa.

"Kunywa," bakule akamwambia.

"Mdomo umepasuka. Maziwa yataniuma."

Watu wa Kiptere hawakujua, tukawaambia. Bakule akasimama mbele yake, akasema atamtolea kondoo, kondoo mzuri, mambo yaishe kwa mila.

"Sitaki kondoo," yule mtu akasema. Hakuinua sauti. "Asubuhi nimepitishwa sokoni kwa kamba hii. Watu wote wameona. Nataka kurudi kwa njia ile ile, watu wakiona, na huyo ng'ombe kwa kamba hii hii, mkononi mwangu. Wewe utembee nyuma."

Baba wa binti, mwenye mtamba, kutembea nyuma ya kibarua kwenye soko lake mwenyewe. Nilimwangalia bakule. Nilikuwa nimemtukana vya kutosha siku hiyo, kwa hivyo nilinyamaza. Alitafuna shavu lake.

"Kesho ni siku ya soko," akasema. "Kutakuwa na watu wengi."

"Najua," yule mtu akasema.

Tulilala kule, na kesho yake tukapanda mlima. Tulipoingia sokoni jua lilikuwa utosini na kulikuwa na watu kama nyasi. Alitangulia yeye, mdomo umevimba, mgongo umenyooka, mtamba akimfuata kwa ile kamba ya kuni kama aliyelelewa naye. Nyuma yake bakule, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia avue kofia. Nyuma mimi, na kabuti, na jasho, maana kabuti la mvua kwenye jua la adhuhuri ni adhabu. Mama wa ndizi, wale wa kwao Kisii, walikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Halafu mama zetu wakadaka. Yule mzee wa diseli alikuwa anachagua maharagwe. Aliinamia gunia lile akachagua sana. Mchumaji wetu hakumtazama. Hakumtazama yeyote. Alipita soko lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mwendo wa mtu anayekwenda zake kuni.

Kwenye lango la bakule alimwingiza mtamba, akasimamisha ile miti, akaizungushia kamba yake na kuikaza kwa goti. "Ibaki hapa," akasema. "Nitatafuta ingine ya kuni." Ilikaa kwenye lango lile mpaka ikaoza, na mpaka bakule anakufa hakuna aliyeruhusiwa kuibadilisha.

Trekta ilikuwa imegongwa kwenye blugamu, taa moja imeng'oka. Mwenye hoteli alisema mti ndio uliokuja. Naye amekwenda sasa, hoteli ni duka la simu. Kwenye kampuni mashine ndizo zinazochuma, huoni tena vikapu vikishuka mlima jioni, watu wakiimba. Polisi wa akiba wa siku zetu ni makabuti tu kwenye misumari.

Yule binti aliolewa, ana wajukuu huko Kiptere. Mwaka wa kwanza alikosana na mume, akaangusha miti ya lango na yeye, akapanda mlima kwa miguu mpaka kwao. Huyo hatukumpigia nduru. Mume alifuata nyayo mwenyewe.

Na yule Mkisii hakuhama. Alinunua shamba kidogo chini ya langu, akapanda chai, na leo yeye ndiye mzee wa nyumba kumi upande wetu. Mwaka huu mvua ya mawe ilimkuta njiani akakimbilia kwangu. Mke wangu alikuwa ametoa kabuti nje ya stoo, ameweka na mkasi juu yake. Mzee yule akaliona. Akalishika pindo, kwa vidole viwili, akasimama hivyo akisikiliza mawe kwenye mabati.

"Mama," akamwambia mke wangu, "kuku watafutie magunia."

Mke wangu akalirudisha kwenye msumari. Hajaliulizia tena.